Jinsi ya Kulishuhudia Garimoshi la Mvuke Likipanda Milima ya Kaskazini mwa Uingereza

Watu wengi wanaotaka kuliona garimoshi la mvuke kwenye njia kuu za reli za Uingereza huanza kwa kuuliza ni kichwa gani cha treni kitakachopita, na hapo ndipo wanapopotea. Swali la kwanza ni kitapita wapi. Flying Scotsman, kichwa kilichojengwa Doncaster mwaka 1923 na ambacho ukarabati wake uliokamilika mwaka 2016 uligharimu zaidi ya pauni milioni 4, kikiteleza kwenye tambarare huku dereva amefunga mvuke, hakina la ajabu kuliko treni nyingine yoyote isipokuwa rangi. Kichwa ambacho hata jina hakina, kikivuta mabehewa kumi na moja kupanda mlima siku ya baridi, hutikisa kifua cha anayekitazama. Kwa hiyo chagua mlima kwanza, kisha usubiri kichwa kitakachoupanda.

Milima miwili ya kaskazini-magharibi inamtosha anayeanza, nayo inatofautiana sana. Wa kwanza ni Shap, kwenye njia kuu ya magharibi inayotoka London kwenda Glasgow. Reli ikitoka kijiji cha Tebay kuelekea kaskazini hupanda mita 1 kwa kila mita 75 za mwendo, kwa zaidi ya kilomita 6 mfululizo, mpaka kilele kilicho karibu mita 280 juu ya usawa wa bahari. Hapa ndipo mtu anapoona zama mbili zikitumia reli moja: nyaya za umeme za volti 25,000 (kiwango kile kile cha SGR ya Tanzania) zinaning'inia juu ya bomba la moshi, na muda mfupi kabla au baada ya garimoshi hupita treni ya umeme ambayo haiusikii kabisa mlima huo.

Wa pili ni njia ya Settle hadi Carlisle, iliyofunguliwa kwa abiria mwaka 1876, ambayo haina nyaya za umeme. Kutoka Settle kwenda kaskazini reli hupanda mita 1 kwa 100 kwa takribani kilomita 20, ikavuka daraja la Ribblehead lenye matao 24, kisha ikaingia kwenye handaki la Blea Moor. Treni inayotoka Carlisle kwenda kusini nayo ina mpando wake, unaoishia Ais Gill, mita 356 juu ya bahari, mahali palepale ilipopita treni ya mwisho ya abiria ya mvuke ya Shirika la Reli la Uingereza tarehe 11 Agosti 1968, kabla ya mvuke kupigwa marufuku kwenye njia kuu. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa mwaka 1971, na tangu hapo vichwa vilivyokarabatiwa vimekuwa vikirudi, na leo kila kimoja hulazimika kufungwa redio ya kuzungumza na waongoza treni (wale wanaosimamia taa za reli), kinasa mwendo, na kifaa kinachoshika breki chenyewe iwapo dereva atapita taa nyekundu. Kwa kawaida havivuki kilomita 120 kwa saa. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni Ribblehead, kwa sababu kuna stesheni hatua chache kutoka kwenye daraja na treni za kawaida za Leeds husimama pale, ilhali Shap huhitaji gari.

Zingatia mwelekeo wa safari kabla ya jambo jingine lolote. Safari moja maarufu, inayoitwa Cumbrian Mountain Express, mara nyingi hupanda Shap ikienda na kurudi kwa njia ya Settle, au kinyume chake. Mtu akienda Ribblehead kusubiri treni inayorudi kusini, atakiona kichwa kikiwa kimeshamaliza kazi na kinateremka kwa utulivu. Atapata picha nzuri ya daraja, lakini sauti hatapata.

Baada ya kupata tarehe kutoka kwa kampuni inayouza tiketi za safari, tafuta saa kamili kwenye tovuti ya Realtime Trains. Andika jina la stesheni iliyo karibu na mahali utakaposimama, weka tarehe, na uchague mwonekano wa kina, kwa sababu ule wa kawaida huonyesha tu treni zinazosimama, na garimoshi kwa kawaida hupita bila kusimama. Treni za abiria za safari maalumu huwa na namba inayoanza na 1Z, na mabehewa matupu yanayopelekwa mahali pa kuanzia safari huanza na 5Z. Si kila 1Z ni ya mvuke; nyingine huvutwa na dizeli tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo linganisha saa hizo na ratiba ya kampuni. Alama ya nusu baada ya dakika ina maana ya sekunde 30. Sisi tuliokulia kwenye saa za Kiswahili tuwe waangalifu zaidi: 15:42 ni saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri, na namjua mtu aliyefika stesheni muda wa saa tatu nzima baada ya treni kupita kwa sababu alihesabu harakaharaka akiwa ndani ya basi.

Asubuhi ya siku yenyewe fungua tovuti hiyo tena. Ikiwa treni imechelewa dakika 25 huko nyuma, usidhani itafidia. Huenda ikachelewa zaidi, kwa kuwa waongoza treni huweza kuiingiza kwenye njia ya pembeni ili treni za umeme zipite. Angalia pia hali ya hewa ya wiki nzima. Majira ya joto yakiwa makavu, cheche za makaa huweza kuunguza nyasi za pembeni mwa reli, na hapo kichwa cha mvuke hubadilishwa kwa dizeli, au dizeli huongezwa kusaidia ili moto usichochewe sana. Dizeli iliyofungwa nyuma kabisa ya mabehewa ni jambo la kawaida hata siku za mvua, kwani huweza kuwapa abiria umeme na kuisukuma treni ikikwama, kwa hiyo usikasirike ukiiona.

Sasa mahali pa kusimama. Reli zote mbili huelekea zaidi kaskazini na kusini, hivyo asubuhi jua hulimulika garimoshi kutoka mashariki na alasiri kutoka magharibi. Lakini upepo ni muhimu kuliko jua. Uingereza upepo mwingi hutoka magharibi au kusini-magharibi, na mtu aliyesimama upande unakoelekea atafunikwa na moshi. Mara yangu ya kwanza nilisimama mashariki mwa reli, juu ya kilima kizuri, peke yangu, nikijisifu kwamba nimepata mahali ambapo wengine hawakupaona. Wengine walikuwa wamepaona. Nilichorudi nacho nyumbani ni picha ya wingu jeupe na mabehewa mawili ya mwisho. Tangu siku hiyo nikifika mahali huchuma majani makavu machache na kuyaachia hewani kabla ya kuweka begi chini, na nikiwakuta wazee wenye viti vya kukunja na chupa za chai, huwasalimu na kuwauliza treni hutokea wapi. Hawajawahi kuninyima jibu, ingawa mara nyingine jibu huchukua robo saa. Adabu ya mahali hapo ni nyepesi: usisimame mbele ya kamera iliyotangulia kutegwa, funga kila geti la shamba ulilolifungua, na usiegeshe gari mahali ambapo trekta haliwezi kupita.

Usikaribie mno. Mtu aliye umbali wa mita 5 huona chuma kikipita, lakini aliye mita 150, juu kidogo ya reli, huona kazi yote: moshi unavyolala juu ya mabehewa, vyuma vinavyozungusha magurudumu, na mwendo unavyopungua kadiri mlima unavyokaza. Daraja la Ribblehead lina urefu wa mita 400 hivi na reli moja tu juu yake, na mwendo unaoruhusiwa hapo ni chini ya kilomita 50 kwa saa. Kichwa huchukua kama nusu dakika kulivuka. Nusu dakika hiyo ndiyo yote uliyoisafiria, kwa hiyo amua mapema kama utapiga picha au utatazama. Kwa simu, washa video kabla treni haijatokea, iegemeze kwenye jiwe au ukuta, kisha iache ifanye kazi yake nawe utazame kwa macho yako.

Masikio hutangulia. Siku tulivu utaanza kulisikia garimoshi dakika kadhaa kabla ya kuliona, na ukitega sikio utaweza kutambua aina ya kichwa. Chenye silinda mbili, kama vile vya aina ya Black Five, hutoa mapigo manne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Chenye silinda tatu, kama Flying Scotsman, hutoa sita, na mlio wake hukaribia mvumo. Mapigo yakikatika ghafla na kuwa mfululizo wa haraka usio na mpangilio, magurudumu yameteleza kwenye reli iliyolowa. Dereva atapunguza mvuke, kutakuwa na kimya cha sekunde moja, kisha mapigo yataanza tena polepole. Rangi nayo ina habari. Mvuke mtupu hauonekani. Kile kinachoonekana cheupe ni matone madogo ya maji, mvuke uliopoa kwenye hewa baridi, na ndiyo maana mwezi Januari huwa na mawingu makubwa kuliko Julai, wakati ambapo kichwa kinachofanya kazi kwa nguvu zote huweza kuonekana kama hakitoi chochote. Moshi mweusi maana yake makaa yametiwa karibuni na bado hayajaungua sawasawa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki sauti hiyo si ngeni kabisa. Vichwa vikubwa vya daraja la 59, vilivyopewa majina ya milima yetu na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, vilijengwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1950, si mbali sana na milima hii. Kimoja, namba 5918 Mount Gelai, kipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Vyenyewe vilichoma mafuta mazito, hivyo harufu ya makaa ya mawe utakayoinusa Ribblehead ni nyingine.

Anayetaka kukiona kichwa kwa karibu asubiri kinapokunywa maji. Zamani vichwa vya Uingereza vilichota maji vikiwa kwenye mwendo, kutoka kwenye mifereji iliyolazwa katikati ya reli. Mifereji hiyo iling'olewa, na leo tangi linalobeba kama lita 20,000 hujazwa kwa lori la maji au bomba, treni ikiwa imesimama. Kwenye njia ya Settle, stesheni ya Appleby ndipo treni nyingi za mvuke zinazoelekea kusini husimama kwa kazi hiyo. Fika mapema, kwa kuwa jukwaa hujaa. Mpe kisogo yule anayeshika mpira wa maji na umtazame dereva: hushuka na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, huinama kati ya magurudumu, na kugusa beringi moja baada ya nyingine kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyogusa paji la uso la mtoto. Vuguvugu si neno. Ikiunguza, safari ya mvuke inaweza kuishia hapo, na watu wote jukwaani huusoma uso wake kabla hajasema kitu. Kule ambako kuna nyaya za umeme hakuna anayeruhusiwa kupanda juu ya tangi wala rundo la makaa.

Kuhusu usalama sitapunguza ukali. Tarehe 25 Februari 2016, Flying Scotsman ilipokuwa ikitoka London King's Cross kwenda York kwa mara ya kwanza baada ya ukarabati, ilibidi treni isimamishwe njiani kwa sababu watazamaji walikuwa wameingia kwenye reli. Kuvuka uzio wa reli ni kosa, na faini yake hufikia pauni 1,000. Tena hatari kubwa si garimoshi, ambalo kila mtu analisikia na kulitazama, bali ni treni ya umeme inayokuja kutoka upande wa pili huku macho yote yakiwa kwenye moshi. Kwenye njia kuu ya magharibi treni hizo hufikia kilomita 200 kwa saa, na hutanguliwa na sauti ndogo sana. Jukwaani kaa nyuma ya mstari wa njano. Ukiwa na watoto, washike mkono tangu unaposikia mlio wa kwanza, si unapoona moshi.

Vaa koti lisilopitisha maji hata kama Leeds kuna jua, kwa sababu Ribblehead ni machache yanayoweza kumkinga mtu dhidi ya upepo. Beba chakula chako. Na kabla hujatoka nyumbani, andika kwenye karatasi saa za treni za kurudi: treni zinazosimama pale ni chache na hupishana kwa muda mrefu, simu huishiwa chaji mapema kwenye baridi, na garimoshi likichelewa itakubidi kuchagua kati ya kulisubiri na kulala nje.