Kumlaza ndugu hospitali ya akili bila ridhaa yake Uingereza: hatua, saa na haki za familia

Sheria inayotawala jambo hili England na Wales ni Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, iliyofanyiwa marekebisho makubwa 2007. Scotland na Ireland Kaskazini wana sheria zao zenye saa na siku tofauti, kwa hiyo yanayofuata yasitumiwe Glasgow wala Belfast.

Familia nyingi za Waswahili huijia sheria hii zikiwa zimeshachelewa. Kijana hajalala siku kadhaa, ameacha kula, ameng'oa nyaya ukutani akiamini zinamsikiliza, na nyumba nzima bado inabishana nani apige simu. Wengine wanaogopa kwamba wakishapiga, mtoto amekwenda na serikali. Lakini sheria hii imempa mtu mmoja wa familia mamlaka makubwa, na kila mamlaka ina saa zake. Asiyejua hayo hukaa kwenye korido akingoja kuambiwa.

Simu ya kwanza

Kama uhai uko hatarini sasa hivi (amemeza dawa nyingi, ameshika kisu, yuko ukingoni mwa daraja), piga 999 na uombe gari la wagonjwa. Polisi waombe kama kuna silaha au vurugu. Tangu 2023 polisi wa England wamepunguza kwenda kwenye simu za afya ya akili zisizo na hatari ya papo hapo, kwa hiyo usiwategemee kwa kila jambo.

Kama hali ni mbaya lakini hakuna anayekaribia kufa, piga 111 kisha chagua namba 2. Huo ni mstari wa dharura ya afya ya akili, usiku na mchana. Ikiwa mgonjwa tayari ana timu inayomhudumia mtaani, anza na timu hiyo, kwa sababu faili lake wanalo. Na akikubali mwenyewe kwenda, mpeleke idara ya dharura ya hospitali. Kulazwa kwa hiari ndiyo njia bora kwake na kwenu, na mwongozo rasmi wa sheria unataka njia hiyo ifikiriwe kwanza.

Maneno utakayosema yana uzito. Ukisema "amechanganyikiwa" au "hayuko sawa", anayekusikiliza hana la kuandika. Sema alichofanya, lini, na kimebadilika nini: "Tangu Jumatatu amelala saa mbili tu. Jana alizima friji na kutupa chakula chote akisema kimetiwa sumu. Leo asubuhi ametoka bila viatu, akasimama katikati ya barabara. Ana kisukari na ameacha insulini siku mbili." Dalili za namna hiyo ndizo zinazowasogeza watu. Taja pia dawa alizoacha, bangi, mirungi au pombe kama vipo. Usifiche kwa kuogopa aibu. Utegemezi wa pombe au dawa za kulevya peke yake hauhesabiwi na sheria hii kuwa ugonjwa wa akili, lakini ugonjwa wa akili uliochochewa na vitu hivyo unahesabiwa, na daktari hawezi kutenganisha asichoambiwa.

Kudai tathmini

Ukipiga simu na kuambiwa "tutaangalia", tumia kifungu cha 13(4). Kinampa ndugu wa kisheria wa mgonjwa (nitamweleza hapa chini) haki ya kuitaka halmashauri ya eneo anapoishi mgonjwa imtume mtaalamu wa afya ya akili aliyeidhinishwa, anayejulikana kwa kifupi kama AMHP, afikirie kama mgonjwa anafaa kulazwa. AMHP akiamua asiombe kulazwa, lazima amwandikie ndugu huyo sababu. Familia nyingi hazijui kipengele hiki, na ndicho kinachofungua milango.

Tuma kwa barua pepe, hata kama umeshazungumza kwa simu. Andika jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, alipo sasa, uhusiano wenu, mambo manne au matano uliyoyaona yakiwa na tarehe zake, kisha sentensi moja: ninaomba chini ya kifungu cha 13(4), na mkikataa naomba sababu kwa maandishi. Baada ya saa za kazi, halmashauri ina timu ya zamu ya dharura. Namba yake iko kwenye tovuti ya halmashauri.

Nani ni ndugu wa kisheria

Hapa ndipo mila zetu na sheria yao zinapogongana. Mzee wa ukoo aliyeko Mombasa au Unguja, ambaye neno lake ndilo la mwisho nyumbani, hana nafasi: kama mgonjwa makazi yake ni Uingereza, anayeishi nje haingii kwenye orodha. Mtu huyu pia hachaguliwi na kikao cha familia. Anapatikana kwa orodha ya kifungu cha 26, kwa mpangilio huu: mume au mke, mtoto, baba au mama, kaka au dada, babu au bibi, mjukuu, mjomba au ami au shangazi au khaloo, kisha mpwa. Kwenye ngazi moja, mkubwa kwa umri humtangulia mdogo, na ndugu wa baba na mama mmoja humtangulia wa kuchangia mzazi mmoja. Kwa kawaida awe ametimiza miaka 18.

Kuna jambo moja linalopindua orodha yote: jamaa anayeishi na mgonjwa, au anayemtunza, hupanda juu kabisa. Kwa hiyo mama mdogo anayeishi na kijana nyumba moja London humtangulia baba aliyeko Leicester. Binamu hayumo kabisa, isipokuwa ameishi na mgonjwa miaka mitano au zaidi, na hata hapo huwa wa mwisho.

Kama aliyeangukiwa na nafasi hii hawezi kazi (Kiingereza kinampiga chenga, au ni mgonjwa), anaweza kumkabidhi mwingine kwa maandishi. Fanyeni hivyo mapema, hali ikiwa bado shwari. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho inayoingia kazini kwa awamu, na humo nafasi hii inakwenda kwa mtu atakayeteuliwa na mgonjwa mwenyewe. Siku ya tathmini mwulize AMHP utaratibu upi unatumika.

Siku ya tathmini

Kwa kawaida wanakuja watu watatu: AMHP na madaktari wawili, mmoja wao aliyeidhinishwa chini ya kifungu cha 12 kwa ujuzi wa magonjwa ya akili. Madaktari wanapendekeza, AMHP ndiye anayeamua kuomba. Ndiyo maana ukiwa na la kusema, mwambie AMHP.

Wanapima mambo mawili. Je, ana ugonjwa wa akili wa aina au kiwango kinachostahili kulazwa? Na je, inafaa alazwe kwa ajili ya afya yake, au usalama wake, au kuwalinda wengine? Zingatia ule "au". Si lazima awe amempiga mtu. Kudhoofika kwa afya yake peke yake kunatosha kisheria, na anayekwambia "mpaka awe hatari" amekosea.

Usikubali kuwa mkalimani wa ndugu yako. Mwongozo rasmi wa sheria unataka mkalimani wa kazi, na sababu ni nzuri: mama hulainisha maneno, mtoto huona haya kutafsiri matusi. Lakini taja lahaja. Mtu wa Barawa anayesema Chimwini, au aliyekulia Bukavu, anaweza asimwelewe vizuri mkalimani wa Dar es Salaam, na kutoelewana huko kunaweza kuandikwa kama dalili ya ugonjwa. Jamii zetu ni ndogo pia. Mkalimani akiwa mtu wa msikiti au kanisa lenu, ombeni mwingine kwa njia ya simu kutoka mji wa mbali.

Mambo ya majini, uchawi na ndoto yaelezeni bila woga. Kuamini majini si ugonjwa. Mwambie AMHP nini ni imani ya kawaida kwenu na nini kimegeuka kwake: "Sote tunaamini. Lakini yeye ndiye wa kwanza kusema jini limemwamuru asinywe maji." Sentensi kama hiyo inamwokoa mgonjwa kwenye makosa ya pande zote mbili, la kumdhania mwenda wazimu kwa imani yake na la kuupuuza ugonjwa kwa kuuita utamaduni. Watu weusi England huzuiliwa chini ya sheria hii kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wazungu. Maelezo yako yana kazi.

Na msimdanganye mgonjwa kwamba mnakwenda harusini. Atafika hospitali kwa siku hiyo, lakini dawa za miezi ijayo atazikataa mikononi mwenu.

Vifungu na saa zake

Kifungu cha 4 ndicho cha dharura yenyewe. Kinahitaji daktari mmoja tu, ikiwezekana anayemfahamu mgonjwa, pamoja na ombi la AMHP au ndugu wa kisheria ambaye amemwona mgonjwa ndani ya saa 24 zilizopita. Mgonjwa lazima afikishwe hospitali ndani ya saa 24, na kuzuiliwa kwake hakuzidi saa 72. Daktari wa pili akimwona ndani ya muda huo na kupendekeza, kinageuka kuwa kifungu cha 2. Hutumika tu pale ambapo kumngoja daktari wa pili kungeleta hatari. Kwa kifungu cha 4 mgonjwa hawezi kulazimishwa matibabu chini ya sheria hii. Ndugu wa kisheria anaweza kuomba mwenyewe, lakini tunashauri kwa nguvu amwachie AMHP, maana mgonjwa akipona atamkumbuka aliyetia saini.

Kifungu cha 2 ni siku 28 za uchunguzi na matibabu, madaktari wawili, na hakirudiwi kwa kuongezewa siku. AMHP anatakiwa amjulishe ndugu wa kisheria. Kifungu cha 3 ni cha matibabu, mpaka miezi sita, na kinaweza kuongezwa. Hiki AMHP lazima ashauriane na ndugu wa kisheria kwanza, isipokuwa haiwezekani au kungechelewesha mno, na ndugu akipinga, ombi haliwezi kuendelea. Halmashauri ikiona anapinga bila sababu ya msingi, inaweza kwenda mahakamani kumwondoa. Kwa hiyo kupinga kuwe na hoja na mpango: nani atakaa naye, nani atasimamia dawa.

Polisi wana kifungu cha 136: kumchukua mtu anayehitaji msaada wa haraka na kumpeleka mahali pa usalama, aghalabu chumba maalumu hospitalini, kwa saa 24 tangu afike. Daktari anaweza kuongeza saa 12. Hakitumiki ndani ya nyumba anamoishi mtu, na askari akimshawishi mgonjwa atoke nje ili amkamate hapo anakwepa sheria. Akijifungia ndani, njia ni kifungu cha 135: AMHP anaomba hati kwa hakimu, kisha polisi wanaingia pamoja na AMHP na daktari. Ambaye tayari amelala wodini kwa hiari naye anaweza kuzuiwa asitoke, na daktari kwa saa 72 au muuguzi kwa saa sita.

Panapokwama

Mara nyingi kinachokosekana ni kitanda. Ombi la kulaza linahitaji jina la hospitali, na bila kitanda AMHP hawezi kulikamilisha hata kama madaktari wote wamekubali. Mgonjwa anabaki nyumbani. Usiwaache waondoke kabla hawajakwambia nani anatafuta kitanda, atakupigia saa ngapi, nani atakuja kumwona usiku huo, na hali ikizidi mpige simu wapi. Andika majina. Ombi lazima lifuatiwe na kulazwa ndani ya siku 14 tangu daktari wa mwisho alipomwona. Zikipita, kazi inaanza upya.

Akishachukuliwa, halmashauri ina wajibu wa kulinda nyumba na mali yake kama hakuna mwingine wa kufanya hivyo, hata paka wake. Gharama zisikutishe: hata mgeni asiye na haki ya kawaida ya NHS (huduma ya afya ya umma) hatozwi kwa matibabu anayopewa akiwa amezuiliwa chini ya kifungu cha 2 au 3.

Baada ya kulazwa

Hospitali lazima imweleze mgonjwa haki zake kwa mdomo na kwa maandishi. Kwa kifungu cha 2 ana siku 14 za kwanza kukata rufaa kwenye baraza la rufaa la afya ya akili, na kesi husikilizwa ndani ya siku chache. Wakili analipwa na serikali bila kujali kipato. Waombeni wauguzi orodha ya mawakili siku ya pili, msingoje ya kumi na tatu. Akiwa kifungu cha 2 au 3 ana haki pia ya mtetezi huru, asiye mfanyakazi wa wodi.

Ndugu wa kisheria anaweza kuagiza mgonjwa aruhusiwe, kwa barua kwa uongozi wa hospitali, akiwapa saa 72. Daktari anaweza kuizuia barua hiyo akithibitisha kwa maandishi kwamba mgonjwa akitoka huenda akajidhuru au kuwadhuru wengine, na ndugu aliyezuiwa hawezi kuagiza tena mpaka miezi sita ipite. Usiitumie kwa hasira ya siku moja.

Anayetoka kifungu cha 3 anastahili huduma za baadaye bila malipo chini ya kifungu cha 117, zikiwemo makazi yanayohitajika kwa ajili ya ugonjwa wake. Anayetoka kifungu cha 2 hana haki hiyo. Kwa wote wawili, ombeni kikao kabla ya kuruhusiwa, mkalimani awepo, na mtoke na karatasi yenye majina ya dawa, tarehe ya sindano inayofuata, na namba ya simu ya atakayemtembelea wiki ya kwanza.