Fungua sura ya dinosaria kwanza

Kila nikitaja kwamba mwanangu anasomea nyumbani kwa programu isiyo ya kidini, dada yangu hunipigia simu kutoka Mombasa. "Wewe, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, umeingiwa na nini?" Kabla sijaeleza ninavyochagua programu ya aina hiyo kwa mtoto wa darasa la 6 mpaka la 8, basi nianze hapo. Sisi ni Waislamu, tunaishi Houston, na Jumamosi na Jumapili kijana yuko chuoni na juzuu yake mkononi. Dini ana wa kumfundisha. Ninachotaka ni kitabu cha sayansi kifundishe sayansi, kisimpe mwanangu dini ya mwenye kitabu.

Huku Marekani hilo si jambo dogo. Mitaala mingi ya kusomesha nyumbani imetungwa na Wakristo kwa ajili ya watoto wao. Abeka, wa Pensacola kule Florida, ni mfano unaojulikana, na hao sina neno nao: wamesema waziwazi walivyo, ukinunua umejua. Shida iko kwa wanaoandika "kwa familia zote".

Mimi nilinaswa hapo. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaingia darasa la sita, ambalo huku ni mwanzo wa shule ya kati, la 6 mpaka la 8. Nikalipa mwaka mzima kwa kampuni moja nisiyoitaja, kwa kuwa ukilipa kwa mkupuo wanakupunguzia. Wiki ya sita, nimetoka zamu ya usiku, nimekaa na chai yangu, kijana akanigeuzia skrini: "Mama, hii ni sayansi au ni chuo?" Ukurasa ulisema dunia haijafikisha miaka elfu kumi, na kwamba dinosaria waliishi pamoja na watu. Wanajiolojia wanaihesabia dunia miaka bilioni 4.5 hivi. Nikadai pesa zangu. Siku thelathini za kurudishiwa zilikuwa zimeshapita.

Tangu hapo, programu yoyote nikiletewa, sitazami bei wala video ya kukaribisha. Nafungua sura ya dinosaria na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika kwenye mawe. Umri wa dunia umeandikwa kwa tarakimu, au wanasema "zamani sana" tu? Uteuzi wa asili, yaani kwamba viumbe wanaofaa mazingira yao ndio wanaoishi na kuzaa zaidi, umeelezwa kwa mifano, au ni neno moja kwenye orodha ya msamiati? Viumbe wenye babu mmoja wanatajwa?

Na uogope kimya. Ziko programu ambazo hazisemi uongo wowote, zinaruka tu. Zinajiita zisizoegemea upande, na mzazi anadhani ndiyo hiyo hiyo isiyo ya kidini. Mtoto anamaliza miaka mitatu ya biolojia hajakutana na mageuko ya viumbe, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika vizazi kwa vizazi, kisha anaingia sekondari wenzake wanazungumza jambo asilolijua. Kipimo changu ni NGSS, viwango vya Marekani vya kufundishia sayansi vya mwaka 2013, ambavyo vimeyaweka mageuko ya viumbe na umri wa miamba humo humo katika madarasa ya kati. Texas haikuvipokea, lakini mimi navitumia kama pishi ya kupimia. Tukifika pahali somo linagongana na tunachoamini, tunalizungumza mezani, mimi na baba yake na yeye. Hiyo ni kazi yetu wazazi.

Historia nayo ina mtihani wake. Programu nzuri isiyo ya kidini inazitaja dini sana, maana huwezi kueleza Baghdad, Vita vya Msalaba au Martin Luther bila dini. Ikizikwepa zote, hiyo ni historia iliyotolewa mifupa. Mimi naandika "Kilwa" kwenye kisanduku cha kutafutia. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji wa kusimuliwa, na dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilikuwa ikipita pale. Kama Afrika Mashariki inaanza kuwepo siku Vasco da Gama alipotokeza, mwaka 1498, najua hicho kitabu kimeandikwa kutoka upande gani wa jahazi. Sikitupi kwa hilo peke yake, lakini najua nitakuwa na kazi ya kujazia.

Ukishapata mbili tatu zilizopita hapo, omba muda wa kujaribu bure, na aketi mtoto, usiketi wewe. Kaa nyuma yake na kikombe chako, kimya. Wangu, kwenye programu moja, alikuwa anapata alama mia kila jaribio. Nilipomtazama kwa makini nikaona anabofya jibu la kwanza, likikataa la pili, likikataa la tatu, na mashine inampongeza. Programu nyingi za kujiendea mwenyewe husahihishwa na kompyuta, na kompyuta hizo hupenda maswali ya kuchagua. Kwa hiyo uliza swali hili wanalolikimbia: insha inasahihishwa na nani? Mara nyingi jibu ni wewe mzazi. Kwangu mimi ninayefanya kazi usiku, jibu hilo liliondoa nusu ya orodha.

Hesabu usinunue kwa darasa. Mpe mtihani wa kumpanga, na akiangukia la tano aanzie la tano. Aibu ni yako, si yake.

Ithibati, yaani programu kutambuliwa rasmi kwamba imefikia ubora wa shule, watu huihofia kupita kiasi. Time4Learning, kwa mfano, si ya kidini na haina ithibati, na familia nyingi huitumia miaka ya kati bila tatizo. Kama unajua mtoto atarudi shule ya serikali, mpigie simu mshauri wa shule hiyo umuulize watampangaje. Ukitaka mwalimu halisi na rekodi ya alama, Oak Meadow ya Vermont, iliyoanza 1975, inauza mtaala peke yake au pamoja na mwalimu. Cha pili kinauma mfukoni. Zipo pia shule za serikali za mtandaoni, za bure, na kwa kuwa ni za serikali haziruhusiwi kufundisha dini kama sayansi; Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua hivyo mwaka 1987. Lakini elewa kwamba huko mtoto ni mwanafunzi wa serikali, ana mahudhurio na mitihani ya jimbo. Ratiba si yako tena.

Sisi tuliishia kuchanganya: hesabu tovuti ya bure ya Khan Academy, sayansi vitabu vya bure vya CK-12, na uandishi darasa la mtandaoni la moja kwa moja mara mbili kwa wiki, lenye mwalimu anayesoma insha hasa. Hilo la moja kwa moja lilitufundisha kuangalia saa. Desemba tulikuwa Mombasa, na kipindi cha saa nne asubuhi ya Houston kikawa saa moja jioni, nyumba imejaa wageni, kijana amejificha jikoni na simu ya mjomba wake.

Sheria ni ya kila jimbo. Texas ni laini: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Texas katika kesi ya Leeper, 1994, kusomesha nyumbani kunahesabiwa kama shule binafsi, na unatakiwa kufundisha kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hakuna ripoti. Aliye New York ana mpango wa mwaka wa kuwasilisha na taarifa kila robo mwaka, kwa hiyo achague programu inayochapisha kumbukumbu za kazi.

Barua ya kumtoa mtoto shule ipeleke mwisho kabisa, ukishachagua, ikiwa na tarehe mtakayoanza nyumbani. Ukichelewa kuipeleka, huku amekwisha kuacha kwenda, ofisi ya mahudhurio ndiyo itakayokutafuta kwanza.