Kuendesha baiskeli mashambani Uholanzi wakati wa baridi

Wageni wengi Uholanzi huifungia baiskeli stoo mwezi wa Novemba wakaitoa Aprili. Wanayakosa malisho ya eneo la Alblasserwaard yaliyojaa mabata bukini, na vile vinu vya upepo 19 vya kijiji cha Kinderdijk bila kupigana vikumbo na watalii. Baridi yenyewe inavumilika. Kinachomtesa mtu ni jasho na upepo.

Ukihisi joto mlangoni, umevaa kupita kiasi. Dakika kumi za kwanza unatakiwa usikie kibaridi. Ndani vaa sufu nyembamba au poliesta, katikati sweta, juu koti jepesi lisilopitisha upepo. Fulana ya pamba iache nyumbani: hunywa jasho, haikauki, na ukisimama tu mgongo unaganda. Hata siku isiyo na upepo, kwenda kilomita 20 kwa saa katika nyuzi 2 ngozi huhisi kama nyuzi 3 chini ya sifuri, kwa hiyo glavu nene ni za lazima. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko moja, maana damu haifiki vidoleni.

Tairi za upana wa milimita 37 hadi 40, ambazo kwa kawaida hujazwa upepo wa presha ya bar 4, zipunguze hadi kama 3 ili zishike barabara vizuri, lakini usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni. Shusha kiti sentimita moja au mbili, miguu ifike chini upesi. Madigadi ziwepo mbele na nyuma.

Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kama saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Toka saa nne, barafu ya usiku ikishaanza kuyeyuka, na panga kilomita 25 hadi 30 tu. Njia utaipata kwa namba: kwenye makutano ya njia za baiskeli kuna vibao vyenye namba, nawe unaandika mfuatano wake kwenye kikaratasi na kukibandika kwenye usukani. Simu iweke mfuko wa ndani, kwani betri hunywea kwa baridi. Taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, chukua hata kama unategemea kurudi mchana.

La muhimu kuliko yote: anza safari ukiukabili upepo. Mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi, na juu ya matuta ya kuzuia maji hakuna hata mti wa kukukinga. Ukianza nao mgongoni utajiona bingwa, kisha utarudi umechoka, umelowa jasho, nao unakupiga kifuani.

Barafu isiyoonekana hujificha kwenye madaraja, hasa ya mbao, kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini yake, na pia kwenye vivuli vya miti. Ukiikanyaga, usifunge breki wala usikate kona: acha kupiga pedali, nyoosha usukani, iache baiskeli ipite yenyewe. Ukilazimika kupunguza mwendo, tumia breki ya nyuma taratibu. Gurudumu la mbele likiteleza, umeshaanguka. Idara ya hali ya hewa, KNMI, ikitangaza mvua inayoganda ardhini, ahirisha. Hapo hakuna ujanja wa dereva.

Beba chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto. Migahawa ya vijijini mingi hufunga baadhi ya siku wakati wa baridi, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuitegemea. Ukiikuta wazi, agiza supu nzito ya njegere.

Ukirudi, osha chumvi ya barabarani siku hiyo hiyo kwa maji ya vuguvugu na kitambaa. Mashine ya presha husukuma maji ndani ya beringi. Kausha cheni, weka tone moja la oili kila kiungo, futa inayozidi. Usiiache baiskeli nje ikiwa imelowa: maji yakiganda ndani ya waya za gia, asubuhi gia hazibadiliki.