Somo: kupulizia zinki na boroni kwenye michungwa

Wadau wa Muheza na kwingineko, kabla hujakimbilia duka la pembejeo kununua busta (mbolea ya kupulizia majani), soma majani kwanza.

HATUA 1. Angalia majani machanga. Yakiwa madogo, membamba, yamesongamana, mishipa kijani ila katikati njano, hapo zinki imepungua. Yakiwa na saizi ya kawaida ila yamepauka na mishipa inaonekana kama wavu wa kijani, ni chuma. Njano ikianzia majani ya zamani hii mada sio yako, angalia samadi, naitrojeni au magnesiamu. Na ukiona njano mabakamabaka, nusu moja ya jani haifanani na nyingine, shtuka, huenda ni ugonjwa wa griningi na huo busta haiutibu.

HATUA 2. Bomba la kupulizia la lita 16 za maji weka gramu 80 za zinki salfeti, yeyusha kwenye ndoo, pembeni koroga gramu 40 za chokaa iliyozimwa uchuje ndo uchanganye, chokaa inapunguza ukali isiunguze majani. Pima kwa mzani jamani, sio kwa kiganja. Ukinunua ile ya maji ya kwenye chupa fuata lebo yake, achana na vipimo vyangu.

HATUA 3. Subiri machipukizi, majani yakifika kama theluthi mbili ya ukubwa wake ndo upige, asubuhi mapema au jioni, ulowanishe mpaka chini ya jani. Anza na mti mmoja uone kama unaungua.

HATUA 4. Boroni: gramu 16 za asidi ya boriki kwa bomba, vitumba vikitoka kabla maua hayajafunguka, inasaidia chavua kuota na matunda kushika. Usizidishe hata kidogo maana boroni ikipita kiasi inageuka sumu kwa mti.

MASWALI

Shikamoo mwalimu, naweza kuchanganya na dawa ya wadudu nimalize siku moja?
– Marahaba. Hapana, chokaa inaua nguvu ya dawa nyingi. Na mbolea za fosfeti nazo usichanganye, zinaganda na zinki.

Kaka mi nina parachichi Njombe, vipimo ni hivyohivyo?
– Parachichi tofauti, jani lake halipitishi zinki vizuri, weka kwenye udongo chini ya mti.

Nimepiga ila majani ya zamani bado njano, nirudie?
– Usirudie, zinki haihami sana toka jani moja kwenda jingine. Subiri machipukizi yajayo, yakitoka madogo tena ndo upige.