Projekti ya modeli za hesabu: angalia haya kabla hujagusa ekwesheni

Kama uko mwaka wa mwisho hapa Kisumu ama Maseno na supavaiza ameshakwambia utafute shida ya ukweli utengenezee modeli, tafadhali usianze na ekwesheni, anza na swali, na liwe swali la mtu. "Kuenea kwa gugumaji Ghuba ya Winam" (ule mmea unaofunika maji ya Ziwa Victoria upande wa Kisumu) hilo ni jina la projekti tu. Swali ni lile mvuvi wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, anajiuliza, boti yangu itatoka wiki ijayo ama itafungiwa? Ukishaliweka hivyo unajua unahesabu kwa siku si kwa miaka, na unajua upepo lazima uingie, maana gugumaji linaelea na upepo wa mchana wa kutoka ziwani ndo unalisukuma ufuoni. Kwa hivyo nenda Dunga kwanza, ukae na wavuvi hata asubuhi moja na daftari.

Pili, piga hesabu ya mkono kabla ya laptopu. Tuseme gugumaji linaongezeka maradufu kila siku 14 na umeanza na hekta 10. Baada ya siku 140 ni hekta 10,240, sawa, inaweza kuaminika. Baada ya siku 280 ni zaidi ya hekta milioni 10, na Ziwa Victoria lote halifiki hata milioni 7! Hapo ndo unaona kwa macho yako kwa nini unahitaji kikomo cha ukuaji, ile K, yaani kiasi cha juu kabisa gugumaji linaweza kufika, ya ekwesheni ya Verhulst ya 1838, si kwa sababu mwalimu alisema.

Yuniti pia. Kwa huo mfano wa maradufu kila siku 14, kasi ya ukuaji ni kama 0.05 kwa siku ama 0.35 kwa wiki, na mimi niliwahi kuweka ya wiki kwa modeli ya siku nikapoteza karibu mwezi mzima natafuta kosa kwa kodi ya programu, kumbe kodi iko sawa. Andika yuniti kando ya kila herufi.

Data sasa, na hapa ndo wengi huumia. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure na huja kila siku 5 hivi, lakini mawingu yatakula nyingi, so hesabu zilizo safi kabla uahidi kitu kwa propozo. Ukiwa na picha nane usiweke parameta sita, yaani namba sita za modeli za kukadiria kutoka kwa data. Na grafu ikikubali data haimaanishi sababu ni hiyo. Kenya iliachilia wadudu wa Neochetina, wale wanaokula gugumaji, 1997, halafu El Niño ikaja 1997-98, gugumaji likapungua, na mpaka leo watu wanabishana ni wadudu ama ni mvua. Jiulize mapema data yako inaweza kutenganisha mambo mawili kama hayo ama haiwezi.

Programu ni ile unayoijua, R ama Python, usihame katikati.

Halafu panga kabisa siku ya kurudi Dunga na grafu yako, iwe kabla ya difensi, uwaonyeshe wale wavuvi.