Mtihani wa Marekani si darasa la saba: mzazi, soma karatasi hii

Mwezi wa tano mwanangu alirudi na karatasi ya matokeo ya mtihani, iliyojikunja chini ya begi, imelowa juisi. Nikaona grafu na rangi nyekundu, nikamwita mezani kwa sauti ileile aliyoniitia marehemu baba matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa. Mtoto akanishangaa. Kumbe nilikuwa nagomba bure.

Kwetu mtihani unamchuja mtoto: umefaulu, unaenda, umefeli, shauri yako. Hapa, katika shule za umma, sheria ya shirikisho ya mwaka 2015, ESSA, iliyorithi ile ya enzi za Rais George W. Bush, inataka kila jimbo lipime kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mara moja tena sekondari. Anayekaguliwa hasa ni shule. Mtihani wenyewe jimbo linajichagulia: Texas wana STAAR, Minnesota wana MCA. Kumzuia mtoto kuhitimu sekondari mpaka afaulu mtihani nako ni mambo ya jimbo. Massachusetts wapiga kura walilifuta sharti hilo mwaka 2024. Kwa hiyo usiulize "Marekani wanafanyaje", uliza jimbo lako.

Mtihani wa kukutoa jasho ni mwingine. Siku ya kumwandikisha utapewa fomu ya lugha ya nyumbani. Ukiandika Kiswahili, mtoto atapimwa Kiingereza, na akionekana anahitaji msaada atapimwa kila mwaka mpaka avuke. Wapo wanaoandika Kiingereza ili mtoto "asitengwe". Mimi naona wanamnyima haki yake. Majimbo mengi hutumia mtihani wa Kiingereza uitwao ACCESS, wa muungano wa majimbo uitwao WIDA, wenye viwango 1 hadi 6 katika kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Usiishie kwenye alama ya jumla. Watoto wetu huongea kama wazawa ndani ya miaka miwili, sisi tunatamba kwa majirani, kumbe kuandika kumebaki kwenye 2. Hiyo 2 ndiyo ya kumuuliza mwalimu: mnamsaidiaje, saa ngapi kwa wiki? Una haki hata ya kuukataa msaada huo, ila mtihani wa kila mwaka ataendelea kuufanya.

Aliyefika Marekani chini ya miezi 12 jimbo linaweza kumsamehe mtihani wa kusoma mara moja. Hesabu atafanya.

Na mkalimani ni haki yako, bila malipo. Mwombe mapema, useme Kiswahili, tena kama ni cha Kongo utaje. Jirani yangu, mama wa Bukavu, alimwachia mwanawe kazi hiyo. "Mwalimu anasema niko vizuri, niongezewe muda wa mpira." Mkutano uliofuata akaomba mkalimani, akaunganishwa naye kwa simu. Mpira umehamia Jumamosi.