Kupasua chura: usikate katikati

Ukishamlaza chali na kumbana miguu kwa pini, ngozi haisumbui. Haijashikana sana na nyama, iinue kwa kibano ukate. Kazi ipo kwenye ukuta wa misuli chini yake. Katikati kabisa umepita mshipa mweusi wa damu, na ukiukata kila kitu kinalowa, huoni tena. Kata pembeni kidogo, ncha ya mkasi ikitazama juu isije ikatoboa ini. (Kisu mimi nilishaachana nacho.) Ukikuta jike aliyejaa mayai, yatoe kwanza taratibu. Kisha funua ini: kifuko cha nyongo, cha kijani, kimejificha nyuma yake. Vile vidole vya manjano karibu na figo ni mafuta tu, si ugonjwa.